Gololi za Magotini

"Hiyo si fomu ya kazi," mama alisema, akiendelea kupangusa meza iliyokwisha kukauka zamani. "Hiyo ni fomu ya magoti."

"Ni fomu ya kazi. Magoti yako ukurasa wa pili."

"Nimesema sisaini."

"Umesema mara tatu tangu tuamke. Mimi si kiziwi."

"Basi acha kuniuliza kama kiziwi."

Binti aliisukuma fomu hadi katikati ya meza, kati ya birika na sahani ya mkate. Alikwisha kuijaza kwa mwandiko wake wa shuleni: umri, miaka kumi na tisa, elimu, sekondari, viungo vilivyo kamili, vyote. Kilichobaki ni sahihi ya mdhamini, ambaye kwa kanuni za kiwanda alipaswa kuwa mfanyakazi aliyetimiza miaka kumi. Mama yake alikuwa ametimiza kumi na saba.

Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imenyooka mbele yake kama mipini ya majembe. Alikuwa mchomeaji wa vyuma kiwandani hapohapo. Goti la kulia lilikuwa limekwisha kabla ya mvua, la kushoto baada ya mvua, na kiwiko kimoja wiki iliyopita. Alikunywa chai kwa mkono uliokuwa bado unakunjika. Tangu zamani alikuwa na desturi ya kuwaacha wanawake wa nyumba ile wamalizane wenyewe.

"Meli inakuja," mama alisema. "Meneja ametangaza, iko njiani. Ikifika, gololi zitatoka kwenye maboksi kama zamani na hakuna atakayeulizwa habari ya goti. Hapo uniletee fomu, nitakusainia hata kwa mikono miwili."

"Meli inakuja tangu baba akiwa anatembea."

Baba alikohoa ndani ya kikombe. Huenda kilikuwa kicheko.

"Na jambo lingine," binti akasema. "Baba anakalia ndoo. Mke wake anakagua viti vya magurudumu arobaini kwa siku, na yeye anakalia ndoo, kwa sababu mke wake hawezi kulisingizia gurudumu."

Mama alichukua mkoba wake akaenda kazini. Fomu aliiacha mezani, lakini kabla ya kutoka aliondoa birika karibu nayo, isije ikalowa.

Kiwanda kilitengeneza viti vya magurudumu. Mabomba yalipindwa hapo, yakachomewa hapo. Vitambaa vya kukalia vilishonwa chumba cha juu. Hata bakuli za beringi zilichongwa hapo, kwenye mashine ya kukereza. Kitu kimoja tu hakikutengenezwa hapo, nacho ni gololi, vile vijipira vya chuma vinavyokaa ndani ya beringi ili gurudumu lizunguke. Hizo zilitoka ng'ambo. Zilikuwa rahisi na zilifika kila mwezi, kwa hiyo hakuna aliyezifikiria, kama vile mtu asivyolifikiria figo lake.

Kisha zikaacha kufika. Mara ilisemekana njia ya meli imefungwa, mara bandari imejaa, mara kule zinakotengenezwa watu wamefungiwa majumbani, mara wenye gololi wameamua kuuziana wao kwa wao. Kila sababu ilikuwa ya kweli kwa wiki mbili, kisha ikaja nyingine. Viti vilipangwa uani bila magurudumu, vimekaa matumbo chini kama mbuzi waliochoka, na meneja akaanza kuzungumza kuhusu kupunguza watu.

Gololi ya kwanza ilitoka kwenye goti la mpindaji wa mabomba, mzee aliyeitwa Babu Bomba, siku ya Jumanne, wakati wa chai. Alikuwa amekaa kwenye benchi akijisugua goti kwa kiganja, kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini. Ngozi chini ya goti ilifunguka kama mdomo wa pochi, bila damu, gololi ikadondoka sakafuni na kubingirika hadi chini ya mashine ya kukereza. Ikafuata ya pili. Babu Bomba aliweka kofia yake chini ya goti ili zisipotee.

Fundi wa kukereza alizipima. Zilikuwa za saizi ileile, na zilikuwa na mng'aro zaidi kuliko za ng'ambo. Zikapelekwa stoo. Mtunza stoo alizitazama akatikisa kichwa.

"Hazina hati," alisema. "Mimi sipokei kitu kisicho na hati ya mgavi."

"Hati ya goti langu nitaitoa wapi?" Babu Bomba aliuliza. "Nikamfufue mama yangu mzazi aniandikie?"

Walibishana mpaka kengele ikalia. Mwishowe meneja alishuka, akaagiza Babu Bomba aandikwe kwenye orodha ya wagavi kwa namba yake ya kazi. Mtunza stoo aliridhika, akapiga muhuri. Hilo ndilo jambo lililochukua muda mrefu zaidi siku ile.

Kufikia mwisho wa juma watu kumi na mmoja walikuwa kwenye orodha. Benchi la chai lilihamishiwa karibu na stoo, na sahani za bati zikanunuliwa. Ilikuja kujulikana kwamba goti la mtu mzima lina gololi mia na ishirini hivi, la kijana hata mia mbili, na kwamba haziumi zikitoka, ila ya mwisho. Ikishatoka ya mwisho, goti halikunjiki tena. Hubaki limenyooka au limepinda, kutegemea mtu alivyokuwa amekaa, kwa hiyo wenye busara walichagua mapema. Wachomeaji walinyoosha, kwa sababu wao husimama. Washonaji walipinda.

Meneja aliwakusanya uani akawahutubia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye barua nyingi mezani.

"Dunia imebadilika," alisema. "Anayetegemea mlango mmoja, ukifungwa hulala nje. Viwanda vyote sasa vinatafuta wagavi wa karibu. Wengine wanawatafuta nchi jirani. Sisi wa kwetu wanaingia getini wenyewe saa moja asubuhi. Mnyororo gani wa ugavi mfupi kuliko huo? Ni hatua ya muda tu, mpaka meli ifike. Hakuna anayelazimishwa. Ila tusipokuwa na gololi hatuna kiwanda, na tusipokuwa na kiwanda, hayo magoti mtayatembeza kwenda wapi?"

Watu walilipima swali hilo wakaona lina jibu moja. Walirudi kazini.

Mmoja tu hakutoa, kwa amri ya meneja mwenyewe, naye ni mama huyu. Alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kutembea kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano, kuinama kwenye kila kiti, kuzungusha kila gurudumu na kusikiliza. Penye mchanga ndani ya beringi alisikia. Penye mafuta pungufu alisikia. Ndiyo maana walimwita Sikio, na wengine hawakujua jina lake jingine. Kiti kizuri alikitundikia lebo ya kijani, kibaya nyekundu. Mkaguzi asiyepiga magoti si mkaguzi, meneja alisema, kwa hiyo ya kwake yaachwe.

Sikio alikuwa wa kwanza kugundua kwamba magurudumu yana wenyewe. La Babu Bomba lilisita kidogo kabla ya kusimama, kama yeye alivyosita mlangoni kuvua kofia. La mshonaji mjane lilizunguka kwa kasi, halafu likakata ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Siku moja kwenye mstari wa nne alizungusha gurudumu akasikia mluzi mwembamba, usio na wimbo, ambao mumewe huupiga akiwa anaoga. Aliliacha lizunguke mpaka liliposimama lenyewe. Hapakuwa na mchanga wala upungufu wa mafuta. Alitundika lebo ya kijani, akaenda kiti kinachofuata.

Tatizo lilikuwa ubora. Kwa kanuni ya zamani, viti vyenye lebo nyekundu viligawiwa wafanyakazi wenye shida nyumbani. Enzi za gololi za ng'ambo vilikataliwa viti viwili au vitatu kwa wiki, na hakuna aliyevihitaji. Sasa walioishiwa magoti walijaa, na viti vibovu vilikuwa havipo. Gololi za magotini hazikuwa na kasoro. Wenzake walianza kumsalimia Sikio kwa sauti ya chini.

"Dada, sikiliza vizuri kile cha pembeni. Nadhani kinakwaruza."

"Hakikwaruzi."

"Kinaweza kukwaruza, ukipenda."

"Sikio langu halipendi wala halichukii," Sikio alisema. "Linasikia."

Watu walisema ana roho ya mawe. Haikuwa kweli. Alikuwa na kazi moja aliyoijua vizuri kuliko watu wote, na aliona kwamba akianza kudanganya hapo, hatakuwa na mahali pengine pa kusimama. Lakini siku baba alipotoa kiwiko akarudi nyumbani amebebwa na wenzake wawili kama meza, Sikio alitundika lebo nyekundu kwenye kiti kizima. Alichagua kile chenye mluzi.

Meneja alipita saa tisa. Aliinama, akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Lilizunguka muda mrefu mno. Lilizunguka meneja akiwa amesimama, likazunguka akiwa amewasha sigara, na lilikuwa bado linazunguka alipoitoa lebo nyekundu mwenyewe na kutundika ya kijani.

"Sikio limechoka, mama?" aliuliza.

"Hapana, meneja."

"Likichoka niambie mapema. Kazi ya mkaguzi ina foleni."

Kiti kilipakiwa jioni ileile kwenda kwa wanunuzi. Baba aliendelea kukalia ndoo.

Haya yote binti aliyajua, kwa sababu mama yake hakuwa na tabia ya kuficha mambo ya kazini. Ndiyo maana asubuhi ile ya fomu Sikio alitembea kwenda kazini kwa haraka kuliko kawaida, akijiambia neno moja: meli.

Na meli ilikuwa imefika. Alipoingia getini alikuta kontena limesimama uani juu ya lori, la bluu, lenye kutu pembeni. Watu walikuwa wametoka wote. Walioweza kutembea walitembea, wenye magoti yaliyonyooka walijisukuma kwa kuyumba kama vitanga vya mizani, na washonaji waliopinda walishushwa mmoja mmoja wakiwa kwenye viti vyao vya kushonea. Babu Bomba alikuwa mbele kabisa, ameegemea kipande cha bomba.

"Zimechelewa kama mkwe," alisema. "Lakini mkwe akifika, amefika."

Milango ilifunguliwa. Harufu ya mafuta ya mashine ilitoka, harufu ya zamani, na baadhi ya watu walifumba macho. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi juu. Mtunza stoo alikagua hati, akaona ziko sawa zote, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akaonekana mtu mwenye furaha. Gari la kunyanyulia mizigo lilianza kwenda na kurudi. Lilipita benchi. Lilipita meza za beringi. Lilienda mpaka nyuma ya stoo, kwenye kizimba cha wavu, likashusha maboksi humo, na lilipomaliza, mtunza stoo alifunga kwa kufuli mbili na kuning'iniza ubao ulioandikwa kwa rangi mpya: AKIBA YA DHARURA.

Kengele ililia. Watu watano waliokuwa na zamu walikwenda kukaa kwenye benchi.

Sikio alipanda ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

"Kontena limefika, meneja."

"Limefika, tumshukuru Mungu. Sasa nitalala."

"Basi benchi linaondolewa leo au kesho?"

Meneja alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama paa litaondolewa leo au kesho.

"Mama, fikiria mwenyewe. Zile za kizimbani zikitumika zitaisha. Zikiisha tutaagiza, tukiagiza tutasubiri. Tumeshaona kusubiri kulivyo. Za benchi hazisubiriwi. Na wanunuzi wameandika, barua hii hapa, kwamba viti vyetu sasa vina kelele kidogo kuliko vya mtu yeyote. Wanataka maradufu. Niwaambie nini, kwamba tumerudi kwenye za kelele?"

"Ulisema ni mpaka meli ifike."

"Nilisema. Na meli imefika, na sasa tuna akiba. Ile ni ya siku wagavi wetu wa ndani watakapokwama."

"Watakwama vipi?"

"Watakapoisha," meneja alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia gesi ya kupikia. Kisha akafungua faili, uso ukachangamka. "Hata hivyo tunaingiza vijana, hawaishi upesi. Wa kwako nimeipata fomu yake sasa hivi, kaileta mwenyewe. Mtoto ana haraka kama mama yake."

"Sijasaini fomu."

"Amesaini Babu Bomba. Ana miaka thelathini hapa, anaruhusiwa. Binti yuko chini, anapimwa."

Sikio alisogea dirishani. Kutoka ofisini benchi lilionekana lote. Binti alikuwa amekaa mwisho wa benchi, suruali imekunjwa hadi juu ya magoti, na fundi wa kukereza alikuwa amechuchumaa mbele yake na utepe wa kupimia. Magoti yenyewe yalikuwa ya duara, na kovu moja dogo la kuanguka na baiskeli. Mtu alikuwa amekwisha kuweka sahani chini yake.

Sikio alifikiri kwa muda ambao gurudumu zuri huchukua kusimama. Alimfikiria meneja, na barua zake, na kizimba. Hakuona mlango humo. Aliona tundu moja tu, na lilikuwa na ukubwa wa mtu mmoja.

"Ni nafasi ngapi hapa zisizotoa?" aliuliza.

"Unajua. Moja. Ya kwako."

"Mpe yeye."

"Hajui kazi."

"Anaijua. Amelelewa na mimi. Nyumbani kwangu mlango ukilia, yeye ndiye husema ni bawaba ipi. Mjaribu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa pale alipokaa. Nina miaka arobaini na sita na magoti ya miaka kumi na saba ya kuinama, hayajatoa hata moja. Hesabu mwenyewe kama utapata hasara."

Meneja hakuhitaji karatasi. Walishuka.

Viti vitatu vilisogezwa. Binti aliambiwa azungushe na aseme. Aliwatazama wote wawili, akakunjua suruali, akainama. Cha kwanza alisema kizuri. Cha pili alisema kimepungukiwa mafuta, gurudumu la kushoto. Fundi alifungua akakuta hivyo. Cha tatu alikizungusha, akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka meneja akaangalia saa.

"Hiki kina gololi za baba," alisema. "Ni kizuri."

"Anafaa," meneja alisema.

"Andika kwenye fomu kwamba mkaguzi hatoi," Sikio akamwambia.

"Siwezi kuandika milele, mama. Mambo yanabadilika."

"Andika unachoweza."

Meneja alitoa kalamu, akaandika: Mkaguzi hatoi, kwa sasa. Sikio alisoma mara mbili. Alimwomba kalamu, akakata jina la Babu Bomba kwa mstari mmoja, akasaini juu yake, wazi, jina lake lote. Babu Bomba alikuwa karibu na mashine yake akitazama chini.

"Alinililia, mwanangu," mzee alisema.

"Najua anavyolia. Kazi iendelee, Babu."

Binti alikuwa amesimama na lebo za kijani mkono mmoja, nyekundu mkono mwingine, kama mtu aliyeshikishwa watoto wa jirani.

"Mimi sikukuomba hivi," alisema.

"Ungeniomba ningekataa."

"Nilitaka kuja ili wewe upumzike."

"Nitapumzika. Huoni nakaa?"

Sikio alikaa mwisho wa benchi, mahali palipokuwa bado na joto. Hakuuliza kunyoosha au kupinda; alipinda, kwa sababu kwenye meza ya beringi watu hufanya kazi wamekaa. Alipandisha sketi, akasugua chini ya goti la kulia kwa kiganja kama alivyoona wengine wakifanya kwa mwaka mzima. Ngozi ilifunguka. Gololi zilianza kudondoka kwenye sahani, moja moja, kisha kwa mfululizo, na walio karibu waliacha kusugua kwa adabu, kwa maana goti lilikuwa limejaa kweli. Kawaida mtu hutoa kidogo kidogo kwa miezi. Sikio hakuinua kiganja. Ilipofika ya mwisho aliuma midomo, akavuta pumzi, ikaisha.

Kwa kanuni, gololi za mgavi mpya hupimwa na mkaguzi kabla ya kupelekwa stoo. Binti alipiga magoti mbele ya sahani na kipimo mkononi. Alipima kumi, kama kanuni inavyotaka. Hakurudia kupima hata moja, na mama yake aliona jambo hilo na kulikubali.

"Zinafaa?"

"Zinafaa."

"Basi andika zinafaa, uende mstari wa tatu. Wanakusubiri."

Binti aliandika. Aliinuka, akaenda mstari wa tatu, akainama kwenye kiti cha kwanza. Sikio alimimina gololi kwenye boksi la stoo, akaifuta sahani kwa upindo wa sketi, akaihamishia chini ya goti la kushoto.